Historia, Uchumi, Utamaduni na Mawazo: Ni Nini Kinachoijenga Jamii Yetu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini katika sikukuu ya Yubile ya parokia





Kamati ya Yubile imetuomba tuseme maneno machache juu ya maendeleo. Neno hili limekwisha kusemwa mara nyingi mbele yenu. Lilisemwa wakati wa serikali ya Wabelgiji, lilisemwa wakati wa Zaire, na leo limeandikwa hata kwenye milango ya magari yanayopita mbele ya kanisa letu. Hatuwaletei basi neno jipya. Tunapenda tu kutazama pamoja nanyi vitu vinne vinavyoifinyanga jamii, kama vile mikono ya mfinyanzi inavyoufinyanga udongo: historia, uchumi, utamaduni na mawazo.

Wako watu wanaosema kwamba mali ndiyo inayoamua yote. Wengine wanasema kwamba ni ukoo na kabila. Wengine tena wanasema kwamba ni masomo peke yake. Sisi twaona kwamba hakuna kimoja kinachoamua peke yake, na kwamba sehemu kubwa ya vitu hivi vinne imetufikia kwa mikono ya wengine, mara nyingi bila sisi kuulizwa. Kinachoitofautisha jamii inayosonga mbele na jamii inayorudi nyuma ni mambo mawili: watu wanafanya nini na kile walichokipokea, na tena wanamgawia nani.

Hatutatafuta mifano mbali. Tutaitwaa hapa petu, katika nchi iliyo kati ya Kalemie, Mpala, Moba na Manono.

I. HISTORIA: LUGHA ILIYOKUJA PAMOJA NA MNYORORO

Mababu zetu hawakuanza kuishi siku ile mgeni alipofika. Batabwa, Baholoholo, Baluba, Babembe na Batwa walikuwa na wakuu wao, wahunzi wao, wavuvi na wawindaji wao. Chumvi, chuma na samaki wakavu vilipita kutoka kijiji hata kijiji kabla ya barua yoyote kuandikwa juu yetu.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ya mashariki, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika hata Kasongo na Nyangwe katika Maniema. Ilitafuta pembe za ndovu, ikachukua na watu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake jinsi watu walivyopigwa risasi sokoni Nyangwe, na jinsi wengi, waliokuwa wakikimbia, walivyokufa maji katika Lualaba. Kiswahili ambacho tunasemea leo kilitufikia kwa njia hiyo hiyo. Kilikuwa lugha ya msafara, lugha ya kuhesabu pembe na ya kuwaamrisha wapagazi.

Baadaye walikuja Wazungu. Mwaka 1883 Mbelgiji Emile Storms alijenga kituo Mpala. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, na fuvu la kichwa chake likapelekwa Ulaya. Mwaka 1885 kituo kile kikaachwa mikononi mwa Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie. Yafaa tuyaseme mambo haya waziwazi katika sikukuu, maana sikukuu isiyosema kweli ni kelele tu: misioni ya Mpala katika pwani yetu ilipokea nyumba ambayo historia yake ilikuwa imekwisha kuingia damu.

Na wengi wa Wakristu wale wa kwanza walikuwa nani? Walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa, watu waliotolewa katika koo zao, wasiojua tena kaburi la babu liko wapi. Hao walifundishwa katekisimu kwa lugha ya wale waliowauza. Lugha ya mnyororo ikawa lugha ya Baba Yetu. Leo mama anambembeleza mtoto kwa lugha hiyo, wazee wanakata maneno ya kijiji kwa lugha hiyo, na mtu wa Kalemie anaelewana kwayo na mtu wa Bukavu, wa Kisangani na wa Lubumbashi.

Hili ndilo fundisho letu la kwanza. Historia hakuna anayeichagua, lakini watu wanaweza kuigeuza. Na kuigeuza si kuisahau. Anayesahau kwamba lugha hii ilikuja na mnyororo atashindwa kutambua minyororo mingine inayokuja leo na maneno matamu.

II. UCHUMI: MAWE YA MANONO

Reli iliyotoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, kwenye mji wa Albertville ambao tangu 1966 unaitwa Kalemie. Wakati ule vita ya kwanza ya dunia ilikuwa inapiganwa hata juu ya maji ya ziwa letu. Reli ile iliunganisha Lualaba na Tanganika, nayo ilikuwa kazi kubwa. Lakini tuangalie namna ilivyochorwa. Haikuchorwa ili kijiji kimoja kikiuzie kijiji kingine muhogo wake. Ilichorwa ili mali ya ndani ifike bandarini na kutoka nje.

Pamba nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 1917 sheria iliwapa watawala ruhusa ya kulazimisha kilimo, na pamba ikaingia vijijini kwa nguvu. Mwenye kulima hakuchagua kulima, wala hakupanga bei. Pesa ziliingia kijijini, kweli, lakini ziliingia pamoja na woga. Ndiyo sababu mpaka leo kuna wazee ambao, wakisikia neno maendeleo, wanamkumbuka kwanza mtu aliyekuja kupima shamba.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Manono. Tangu miaka ya 1920 bati ya Manono ilichimbwa, na baadaye maporomoko ya Piana Mwanga, katika mto Luvua, yakatoa umeme wa migodi na wa mji. Palikuwa na nyumba za kazi, hospitali na taa za njiani. Kisha bei ya bati ikaanguka, kazi zikapungua, na vita vya 1998 mpaka 2003 vikaharibu mji na mitambo ya umeme. Taa zikazimika.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wakati ule wa bati, kulikuwa katika mwamba ule ule jiwe jingine lenye litiamu. Halikutafutwa. Likamwagwa pamoja na takataka za mgodi, likawa vilima ambavyo watoto walichezea. Leo litiamu inatakiwa dunia nzima kwa ajili ya betri za simu na za magari, na wakubwa wa biashara wanaishindania Manono mbele ya mahakama za mbali. Je, jiwe limebadilika? Jiwe halikubadilika hata kidogo. Yaliyobadilika ni mawazo na ufundi wa watu. Basi mali haimo ndani ya jiwe tu. Imo pia ndani ya kichwa cha yule anayejua jiwe linafaa nini, na ndani ya mkono wa yule anayepanga bei.

Kijana wetu anayechimba leo kwa koleo na nyundo, akimwuzia mpita njia kwa bei ya mpita njia, amesimama mahali pale pale aliposimama babu yake mwenye pamba. Tofauti ni kwamba babu alilazimishwa na sheria, na yeye analazimishwa na njaa.

Wengine watajibu: dawa yake ni mwenyeji kuwa mwenye mali. Ni kweli, lakini haitoshi. Tarehe 30 Novemba 1973 dola ilitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mali nyingi zilitolewa kwa kujuana na wakubwa, si kwa kujua kazi. Wengi waliopewa waliuza vitu vilivyokuwa dukani, wakala faida na mtaji, wala hawakununua vingine. Baada ya miezi michache mbao za maduka zilikuwa tupu, na mwaka 1976 dola ikaanza kuwarudishia wenyewe wa zamani. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliona jambo la namna hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi: Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Shaba haikuisha ardhini. Kilichokwisha ni uangalizi, maana pesa zilitolewa bila kurudishwa katika kazi.

Kubadilisha mwenye ufunguo si kubadilisha nyumba. Hilo ndilo fundisho la pili.

III. UTAMADUNI: MAJINA NA NGOMA

Mwaka 1972 dola iliamuru kila raia aache jina la Ubatizo la kigeni na kuchukua jina la mababu. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipoonyesha kwamba hakubaliani, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Watu wengi walikuwa na majina mawili: moja la ofisini, moja la kanisani na nyumbani.

Tukiyaangalia leo mambo yale kwa utulivu, twaweza kuyapima vizuri. Kutaka mtu ajivunie jina la babu yake lilikuwa jambo jema. Mwacha asili ni mtumwa, wazee walisema. Na watoto wetu bado wanayachukua majina yale kwa furaha, ingawa amri imekwisha zamani. Ubaya ulikuwa katika namna: utamaduni uliamriwa kutoka juu, na wale walioamuru mavazi na majina ya asili hawakuishi maisha ya mwanakijiji. Utamaduni ukifanywa pazia la kuficha ulafi, watu wanaubeba mwilini, lakini moyoni wanaucheka.

Tulinganishe na jambo jingine la nyakati zile zile. Mapadri, makatekista, waimbaji na Wakristu wa kawaida wa nchi yetu walitafuta kwa miaka mingi namna ya kusali Misa kwa moyo wa Kiafrika. Walijaribu, wakasahihishwa, wakajaribu tena. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire. Ndani yake mababu wenye mwenendo mwema wanakumbukwa pamoja na watakatifu, toba na amani vinafuata Neno la Mungu na mahubiri, na mwili nao unasali kwa kucheza. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Hakuna askari aliyelazimisha ngoma ile kupigwa. Ilifika mbali kwa sababu ilitoka ndani.

Basi utamaduni si kabati la vitu vya zamani, wala si amri ya mkubwa. Ni kama shamba: mbegu ya wazee, jasho la walio hai, na kung'oa magugu kila mwaka.

IV. MAWAZO: SHULE ILIYOBEBWA MABEGANI

Kati ya watoto waliosoma Mpala alikuwamo mmoja wa Batabwa, Stefano Kaoze. Wakati ule wako wageni wengi waliosema kwamba Mwafrika hawezi kufikiri mambo ya ndani. Kaoze hakubishana nao kwa ukali. Aliandika. Maandiko yake juu ya mawazo na roho ya Wabantu yalichapwa katika gazeti la Ubelgiji mwaka 1910 na 1911, naye anahesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza kutoa maandiko ya namna hiyo kwa Kifaransa. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Monsinyori Roelens alimpa daraja la upadri, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu.

Tuangalie mwaka: 1917. Ni mwaka ule ule wa sheria ya kilimo cha kulazimishwa. Katika nchi moja, mwaka mmoja, sheria ilimwambia mtu mweusi kwamba yeye ni mkono wa kulima, na altare ikamwambia kwamba anaweza kusimama mahali pa Kristu. Wazo moja lilikuwa na nguvu ya serikali, na jingine lilikuwa na mtu mmoja tu. Leo tunajua ni lipi lililodumu.

Tusidhani lakini kwamba wazo jema linatembea peke yake. Linahitaji mabega. Mwishoni mwa mwaka 1974 dola ilizitwaa shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano nayo ili yaziongoze tena, maana mzigo ulikuwa umeishinda. Kisha ikaja miaka ya 1990. Mshahara wa mwalimu ukakosa thamani, migomo ikafunga madarasa. Ndipo wazazi walipokubali kutoa mchango ili mwalimu asiache ubao. Kwa miaka zaidi ya 25 mama wa sokoni na mvuvi wa ziwa ndio waliobeba shule za nchi hii. Kitendo hicho hakina sanamu katika mji wowote, lakini bila hicho nchi nzima ingekuwa na kizazi kisichojua kusoma.

Hata hivyo mzigo huo ulikuwa na upande wake wa uchungu. Mtoto wa asiye na kitu alirudishwa nyumbani, na msichana kwanza. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya msingi ya dola, pamoja na shule zetu za mapatano, hayalipiwi tena, kama Katiba ya mwaka 2006 inavyotaka. Watoto wakafurika, hata kubanana kwenye benchi moja. Mlango umefunguliwa. Sasa kazi ni kufanya yale yaliyo nyuma ya mlango yawe masomo ya kweli, na mwalimu awe mtu anayeheshimiwa na kulipwa.

V. KIPIMO: YULE ALIYE NYUMA YA WOTE

Tumeona vitu vinne kimoja kimoja. Lakini katika maisha havikai mbalimbali. Kuna mahali petu vyote vinne vilipokutana, na matokeo yake yakawa machozi.

Tangu mwaka 2013, na hasa mwaka 2016 na 2017, Batwa na Baluba wa Tanganika walipigana. Vijiji vilichomwa, shule zikabomolewa, mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, na wengi wakalala chini ya majani na maturubai kandokando ya Kalemie. Wengi wao walikuwa Wakristu, wamebatizwa kwa maji yale yale.

Chanzo chake ni nini? Historia: Mtwa alikuwa mtu wa pori, na pori lilipogeuzwa mashamba ya wengine, hakubakiwa na mahali. Uchumi: alilima shamba la mwingine, akalipwa kikombe cha chumvi au nguo kuukuu. Utamaduni: kijana Mtwa hakupewa binti wa Kiluba, na mahali pengi hakunywa katika kikombe kimoja na wengine. Mawazo: Mtwa alidhaniwa kuwa nusu ya mtu. Vitu hivi vinne vilikaa pamoja miaka mingi kama kuni zilizokauka, na cheche moja ikatosha.

Na amani, pale iliporudi, ilirudi kwa njia ile ile ya vitu vinne. Mabaraza yaliwakalisha wazee wa pande mbili chini ya mti mmoja ili wasimuliane yaliyopita. Soko likafunguliwa tena kwa wote. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ikatambua haki za watu hao katika Kongo nzima. Lakini sheria iliyo Kinshasa haijui njia ya kufika kwenye benchi la darasa letu. Lazima iongozwe na mtu.

Papa Paulo VI, katika barua yake Populorum Progressio ya tarehe 26 Machi 1967, alifundisha kwamba kuongezeka kwa mali si maendeleo ya kweli ikiwa kunamwacha mtu nje. Hicho ndicho kipimo. Usiulize kwanza kijiji kina bati ngapi juu ya nyumba. Uliza yule wa mwisho kijijini anakaa wapi, anakula na nani, na mtoto wake yuko darasa la ngapi.

VI. YUBILE NI NINI?

Wapendwa, katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Yubile haikuwa kwanza chakula na ngoma. Ulikuwa mwaka wa kurudisha shamba kwa ukoo uliolipoteza, na wa kumwachilia ndugu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini. Mungu alijua kwamba historia inaweza kumkandamiza mtu, kwamba uchumi unaweza kumfunga, na kwamba desturi inaweza kuhalalisha kifungo chake. Kwa hiyo akaweka mwaka wa kuanza upya.

Tungependa basi Yubile yetu iache kazi tatu, ndogo lakini za kweli. Ya kwanza: kila jumuiya hai ya msingi iandike katika daftari yale ambayo wazee wake wanakumbuka, ya fahari na ya aibu, kabla hawajaondoka. Ya pili: kila jumuiya ihesabu watoto wa Batwa na wa maskini walio katika eneo lake, iwafuate nyumbani kwao, na iwasindikize mpaka wamalize darasa la sita, na hesabu ya mchango wowote wa wazazi isomwe mbele ya watu wote, mara moja kila miezi mitatu. Ya tatu: wenye mashamba mapana wakae pamoja na wakuu wa kijiji, na wawape wasio na shamba mahali pa kulima, kwa maandishi na mbele ya mashahidi.

Mambo haya hayangoji reli mpya wala bei ya litiamu. Yanangoja mabega yale yale yaliyobeba shule wakati hakuna aliyezitazama.

Tumepokea lugha kutoka kwa msafara, nyumba kutoka kwa mwenye bunduki, reli kutoka kwa mfanya biashara, na imani kutoka kwa wageni waliokuja kufa mbali na kwao. Yote hayo tumeyafanya yetu. Kilichobaki ni kumpa nafasi yule anayesimama bado mlangoni.

Mungu aibariki parokia yetu, awape pumziko waliotutangulia, na awape nguvu wale watakaosimama mahali petu katika Yubile ijayo.